Mzee Hajafaidi Usingizi

Mwaka juzi tulilala matanga kwa shangazi yetu, Korogwe. Wanaume tulitandikiwa mikeka na magodoro sebuleni, bega kwa bega, na katikati yetu akalala Baba Mkubwa, mwenye miaka 71. Hazikupita dakika kumi akaanza kukoroma, na vijana wakaanza kucheka chini kwa chini. Kisha akanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini hewa haikupita puani wala mdomoni. Nikawasha simu nikatazama saa: sekunde 10, 20, 30. Ilipofika ya 34 akashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, akajigeuza nusu, akaendelea kulala. Haukupita muda, yale yale. Nilihesabu mara 14 ndipo nami nikapitiwa. Asubuhi mmoja wetu akamwambia, "Mzee, jana umefaidi usingizi!" Akajibu, huku anajikanda paji la uso, kwamba ameamka kachoka kuliko alivyolala.

Nilichokiona usiku ule kina jina hospitalini: apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia iwe wazi. Inashikiliwa na misuli, na misuli hulegea tukilala. Kwa wengine inalegea mpaka ulimi na kaakaa laini vinaziba njia. Pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa huitwa tatizo dogo, 15 hadi 29 la wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mara 30 kwa saa maana yake ni kila baada ya dakika mbili, na kwa usiku wa saa saba ni mara 210. Kila mara oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache asizozikumbuka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda.

Tangu matanga yale nimekuwa nikimwambia kila anayenisikiliza kwamba wazee wetu, hasa wanaokwenda kliniki za presha na kisukari, waulizwe wanavyolala. Nimejibiwa mengi, na ndugu, na wazee wenyewe, hata na watu wa hospitali. Nataka kuyajibu hayo majibu.

"Anayekoroma ndiye aliyelala." Hili nimelisikia kuliko yote, na ninajua linakotoka. Mtoto akiusikia mkoromo wa baba usiku anajua baba yupo na mlango umefungwa. Lakini mkoromo ni sauti ya hewa inayopenya kwa shida kwenye njia iliyosinyaa, na haitupi habari yoyote kuhusu utamu wa usingizi. Si kila anayekoroma pumzi yake inakatika, wala sitaki mtu amburute baba yake hospitali kwa sababu ya mkoromo mtupu. Cha kusikiliza ni ule ukimya. Mkoromo, kimya, halafu mtu anavuta hewa kwa kishindo: huo mtiririko ukiusikia usiku mmoja hutausahau, na ukiusikia, yaache hayo ya kufaidi usingizi.

"Uzee huo." Neno hili ndilo linalonikasirisha, kwa sababu linamaliza maswali kabla hayajaulizwa. Ni kweli usingizi wa uzeeni hubadilika. Unakuwa mwepesi, mtu anaamka kabla ya adhana au jogoo, na anapata kausingizi mchana baada ya chakula. Hayo hayana shida. Baba Mkubwa alikuwa anasinzia katikati ya sentensi. Siku moja alisinzia na kikombe mkononi, chai ya moto ikammwagikia mapajani, tukampaka dawa ya kuungua na kusema, maskini, uzee. Na bado alikuwa anaendesha pikapu yake kwenda shambani.

Halafu kuna kukojoa usiku. Alikuwa anaamka mara nne, mara tano. Akaambiwa ni tezi dume, akameza dawa karibu mwaka mzima, na safari za chooni hazikupungua. Tezi dume kweli huwaamsha wanaume wengi wa umri wake, sibishi. Ila kuna njia nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Koo likiziba, mtu anaendelea kuvuta hewa isiyoingia, na ule mvuto ndani ya kifua unafyonza damu nyingi kuelekea moyoni. Moyo unatanuka, unadhani mwili umejaa maji, unatoa homoni inayoziamuru figo ziyatoe. Figo zinatii, kibofu kinajaa, mzee anaamka akidhani kilichomwamsha ni mkojo. Pengine kilichomwamsha ni koo, na mkojo akaukuta njiani.

Aliyemwandikia dawa ya tezi dume hakumuuliza analalaje. Kliniki alikokuwa anapimwa presha kila mwezi nako hawakuuliza, ingawa alikuwa amepandishwa kutoka dawa moja hadi tatu na presha bado haijashuka. Presha inayokataa dawa tatu ni sababu tosha ya kuchunguza pumzi za usiku. Najua foleni za kliniki zile; daktari ana dakika chache na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido. Ndiyo maana nasema swali lenyewe ni fupi: "Nyumbani wanasema unakoroma, halafu unanyamaza?" Linaulizika mkono ukiwa bado umefungwa kile kitambaa cha kupimia presha.

Wengine hunijibu kwa utulivu zaidi kwamba mtu akiwa na tatizo kama hilo angelijua mwenyewe. Hapana. Anayelala hajioni. Ungemuuliza Baba Mkubwa wakati ule kama pumzi yake hukatika angekuambia haikatiki, na asingekuwa anasema uongo. Alichokijua yeye ni kichwa kinachouma asubuhi, mdomo mkavu, na uchovu aliouzoea mpaka akauona ndiyo hali yake. Shahidi pekee alikuwa Mama Mkubwa, naye alihamia chumba kingine miaka sita kabla kwa sababu ya kelele. Alipoondoka yeye, ushahidi nao ukaondoka.

Msidhani hali hii ni ya huku kwetu tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wote wakiwa kwenye bima ya afya ya serikali kwa wazee. Kwa majibu yao, asilimia 56 walionekana kuwa kwenye hatari kubwa ya kuwa na tatizo hili. Kati ya hao waliokuwa hatarini, waliowahi kupimwa walikuwa asilimia 8 tu. Na kati ya waliopimwa, asilimia 94 walikutwa nalo. Hiyo 94 isomwe kwa uangalifu, maana aliyefikishwa kwenye kipimo kwa kawaida alishashukiwa sana. Huwezi kuibandika kwa wote waliobaki. Lakini hiyo 8 haina utetezi. Nchi yenye maabara nyingi za usingizi na bima inayolipia, na bado wazee wengi hivyo hawakuwa wameguswa.

Sisi tuna kitu kimoja ambacho wazee wengi wa kule hawana: nyumba zilizojaa watu. Bibi mjane haongozani na mume kliniki, lakini mara nyingi analala na mjukuu. Muulizeni huyo mjukuu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kukuigizia bibi anavyofanya usiku, na anachokuigizia kina thamani ya kitabibu. Kama simu ipo, dakika mbili au tatu za video, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, zitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

"Ni ugonjwa wa wanaume wanene." Unene, hasa wa shingo na tumbo, unachangia sana, na wanaume ndio wengi zaidi katika umri wa kati. Mwaka 1993 uchunguzi wa Wisconsin ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 30 hadi 60, asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na angalau matukio 5 kwa saa. Hata hiyo 9 iliwashtua wengi wakati ule. Lakini hao walikuwa hawajafika uzeeni. Mwanamke akishakoma hedhi kinga ya homoni inapungua na pengo linakuwa dogo. Tena mara nyingi mwanamke haji na malalamiko ya mwanamume. Hasemi anasinzia; anasema hapati usingizi, amechoka, kichwa kinauma, moyo una wasiwasi. Anaondoka na dawa ya mawazo au dawa ya usingizi.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 298 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 82, ambao walipoanza hawakuwa na tatizo la kumbukumbu. Walipimwa usingizi, kisha wakafuatiliwa kwa karibu miaka 5. Zaidi ya theluthi moja walikutwa na matukio 15 au zaidi kwa saa. Kati ya hao, asilimia 44.8 walipata upungufu wa kumbukumbu au ugonjwa wa kusahau, dhidi ya asilimia 31.1 ya wale ambao hawakufikia matukio hayo. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba pumzi ndiyo iliyoharibu ubongo, na mtu asije akamwahidi bibi kwamba matibabu yatamrudishia kumbukumbu. Unatosha lakini kutufanya tusitazame miili ya watu tu. Hao ni wanawake wa miaka 82, na mzee aliyekonda anaweza kuwa na taya dogo au koo jembamba kwa kuzaliwa. Pia aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye moyo uliochoka, anaweza kuwa na aina nyingine ya tatizo ambapo koo liko wazi kabisa ila ubongo hautumi amri ya kuvuta hewa. Huyo huenda asikorome hata kidogo, na matibabu yake ni tofauti, hivyo aonane na daktari kabla ya kununuliwa kifaa chochote.

Kuhusu jinamizi nitasema kwa ufupi, kwa heshima ya wanaoniambia kwamba ndilo linalowakaba wazee usiku. Anayekabwa na jinamizi huwa macho, anaona chumba, anataka kupiga kelele, na mwili haumtii. Anayekatika pumzi hana habari ya chumba. Mwili wake ndio unaopigana, miguu inatupwa, jasho linamtoka, na asubuhi hakumbuki. Ukikaa kando yake utatofautisha.

Sasa nifike kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo nilipewa na daktari kijana ninayemheshimu. Aliniambia: "Mjomba, hata Marekani jopo lao la kitaifa la kinga halikubali kupima kila mtu." Ni kweli. Jopo hilo lilitoa kauli mwaka 2017 na likairudia mwaka 2022: ushahidi uliopo hautoshi kuamua kama kuwachunguza watu wazima wote kuna faida kuliko madhara. Na ili niwe mkweli, kauli hiyo haikuishia kwa watu wasio na dalili yoyote. Iliwagusa pia wenye dalili ambazo wenyewe hawazitambui, na Baba Mkubwa alikuwa mmoja wao.

Lakini "ushahidi hautoshi" ni maneno ya mtu anayesubiri utafiti. Jopo halikusema kwamba uchunguzi haufai, na uamuzi lilimwachia daktari na mgonjwa wake. Wala mimi siombi wazee wote wa wilaya wafungwe nyaya kichwani. Naomba waulizwe, na wenye majibu ya kutia shaka ndio wapimwe. Mzee anayesinzia na kikombe, mwenye presha sugu, ambaye mkewe alihama chumba, ana dalili tatu zinazosubiri mtu wa kuzisikia.

Daktari wangu hakuishia hapo. Akaniletea utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,700 katika nchi 7, wenye umri wa miaka 45 hadi 75 na magonjwa ya moyo au mishipa ya damu. Nusu walipewa mashine ya kusukuma hewa, nusu hawakupewa. Baada ya miaka karibu minne, shambulio la moyo na kiharusi havikupungua kwa waliopewa. Matokeo hayo yaliwavunja moyo watu wengi, na mtu yeyote anayewauzia wazee mashine kwa kuwaambia itawakinga na kiharusi anawadanganya. Ila usome mpaka mwisho. Wastani wa kuvaa mashine ulikuwa saa 3.3 kwa usiku, yaani nusu ya usingizi au chini ya hapo. Waliokuwa wakisinzia kupita kiasi mchana waliondolewa mapema kwa usalama wao. Na hata hivyo kwa waliotibiwa kusinzia mchana kulipungua, wakawa na furaha zaidi, na siku zao za kukosa kazini zikapungua. Mwaka 2014 Uingereza ilikuwa imeshachapisha utafiti wa wazee 278 wa miaka 65 na kuendelea: waliopewa mashine, kusinzia kwao kulipungua ndani ya miezi mitatu na nafuu ikaendelea hadi mwaka. Kwangu hilo linatosha. Mzee asiyesinzia kwenye usukani wa pikapu ni faida isiyohitaji kungoja takwimu za moyo.

Kwenye hayo maswali yenyewe nina angalizo moja. Dodoso linalotumika sana ni lile la maswali manane lililotungwa Toronto mwaka 2008: unakoroma kwa sauti, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukikata pumzi, una presha, uzito wako umezidi sana, umepita miaka 50, shingo yako imezidi sentimita 40, wewe ni mwanamume. Ukipata matatu uko hatari ya wastani, matano na zaidi hatari kubwa. Tazama: mwanamume wa miaka 70 mwenye presha ana matatu tayari, hata kama analala kama mtoto mchanga. Kwa wazee, basi, karatasi hiyo itanasa wengi mno, na bibi aliyekonda inaweza kumpita. Itumike kuanzisha mazungumzo. Swali la kukata pumzi mbele ya shahidi lipewe uzito wake, na hukumu ibaki kwa kipimo.

"Kipimo chenyewe ni cha matajiri." Maabara za usingizi katika nchi zetu ni chache na ziko miji mikubwa, hilo siwezi kulipamba. Lakini siku hizi wengi hupimwa nyumbani, kwa kifaa chenye mkanda wa kifuani, mrija mdogo puani na kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa UVIKO. Hata rekodi ya usiku mzima ya oksijeni peke yake humwonyesha daktari kama kuna sababu ya kuendelea. Baba Mkubwa alipopimwa, alirudi na karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Matukio 41 kwa saa.

"Mashine haivaliki." Hili lina ukweli, na familia ijiandae. Mashine hiyo ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1980, na ya kwanza aliitengeneza kwa mota ya kifyonza vumbi. Haitoi oksijeni, inasukuma hewa ile ile ya chumbani kupitia kinyago, na msukumo wake unalizuia koo lisijifunge. Wiki ya kwanza Baba Mkubwa alikivua kinyago kila usiku bila kujijua. Kilikuwa kikubwa, hewa ikivujia machoni. Tukakibadilisha, tukaongeza chombo cha kulainisha hewa, Mama Mkubwa akarudi chumbani kumsimamia. Mwezi wa pili akawa anafikisha saa tano. Fedha tulichangishana ukoo mzima, na tuliinunua baada ya miezi, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba ni jambo jepesi. Umeme ukikatika analala ubavu, mto mgongoni, maana akilala chali ndipo koo linapoziba zaidi. Kwa wenye tatizo dogo, kulala ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe ya jioni vinaweza kuwapa nafuu ya kutosha, na kipo kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kwa wenye meno ya kukishikilia.

La mwisho ni ushauri unaotolewa kwa upendo: "Mnunulieni dawa ya usingizi apumzike." Tafadhali msifanye hivyo bila daktari. Diazepamu na nduguze hulegeza misuli ile ile ya koo na kuuchelewesha ubongo kuamka. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini nazo hupunguza nguvu ya kupumua. Mzee aliyekuwa anashtuka kwenye sekunde ya 34 anaweza kuchelewa zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo mtoa usingizi wa chumba cha upasuaji lazima ajue kabla hajachoma sindano.

Baba Mkubwa ana miadi ya upasuaji wa ngiri mwezi ujao. Kwenye fomu aliyopewa hakuna mahali palipoandikwa usingizi, kwa hiyo nimeandika kwa wino mwekundu pembeni, juu ya jina lake: "Pumzi hukatika akilala, mara 41 kwa saa. Anakuja na mashine yake." Mama Mkubwa ameikunja, akaitia kwenye mfuko mmoja na kinyago.